Wachoraji na mafundi wa Unguja na Pemba, mnatoza vipi? Na mali kauli mnakubali?

BintiMwanakwerekwe

Assalaam alaykum ndugu zangu, poleni na kazi. Nina suali refu kidogo naomba mnivumilie maana nikilikata halitaeleweka.

Mie ni mchoraji wa kujitegemea, sina bosi sina ofisi, natumia chumba kimoja cha nyumbani hapa Mwanakwerekwe. Kazi zangu ziko namna mbili. Moja ni michoro ya vitabu vya watoto na mabango ya taasisi, yale ya afya na mazingira, hapo nachora kwa penseli na wino halafu naskani namalizia kwenye kompyuta. Ya pili ni vitu vya mkono. Nachonga lino, yaani linoliamu ile laini ya kuchongea mchoro, nachapa kadi na picha ndogo, milango ya Mji Mkongwe, kima punju wa Jozani, majahazi, wauza kahawa, na madaftari nayashona mwenyewe, jalada nalivisha ukili, yaani mkanda wa majani ya kusuka, ninaouagizia Pemba. Vitabu vinalipa kwa mkupuo lakini ukimaliza kimoja unaweza kukaa miezi huoni chengine. Vitu vya mkono ni hela ndogo ndogo ila msimu ukiwa mzuri zinaingia kila wiki.

Sasa yamenijia mambo mawili kwa pamoja. Kuna duka moja mjini, kule wanakopita wageni sana, wamezipenda kadi na madaftari wanataka niwapelekee mzigo mzuri kabla ya mwezi wa sita, lakini mali kauli, yaani niwaachie wauze ndo wanilipe, na wao wachukue nusu ya bei ya kuuzia. Tena wamesema nisiweke jina langu nyuma ya kadi, watabandika stika ya duka lao.

La pili ni hoteli ya pwani ya mashariki, wanataka michoro ya menyu na ramani ya kijiji na ufukwe iliyochorwa kwa mkono. Nimewapa bei wakaguna. Wakasema watanipa wikiendi ya kulala mie na familia, watanitangaza kwa wageni wao, na hela kidogo ya rangi. Na kwenye imeili yao kuna mstari unasema michoro yote itakuwa mali ya hoteli.

Mamaangu anasema chukua, riziki haikataliwi. Mume wangu anasema subiri kwanza uliza wenzio. Mie kinachoniuma khasa ni hilo la jina. Sikatai kuanza na faida ndogo, lakini ile kadi ya kima punju ina rangi mbili, kwa hio ni lino mbili, moja ya mgongo mwekundu na moja ya uso mweusi, na zikipishana kidogo tu wekundu unaingia machoni kadi haiuziki. Manyoya ya mgongoni ni mistari myembamba, kisu lazima kiende upande mmoja. Ukija kuchapa wino unautandaza kwa rola juu ya kioo mpaka usikie ile sauti ya kunata, unapaka lino, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa mwiko taratibu kuanzia katikati kwenda pembeni, unabandua. Moja moja hivo. Halafu mtu aje abandike stika yake kama kaichapa yeye.

Nataka kujua nyinyi mnapanga vipi bei zenu, na mali kauli mnaiendeaje. Na jengine, masika. Mwezi wa tatu mpaka wa tano wageni wanapungua, ndo wakati wangu wa kutengeneza mzigo, lakini ndo pia karatasi inapojikunja na wino hautaki kukauka. Mnafanyaje?

---

WinoWaShangani

Waalaykum salaam dada. Naanza na hoteli maana ule mstari wa imeili ndo mzito kuliko yote uliyoandika.

Mchoraji anauza vitu viwili na wateja wengi wanadhani ni kimoja. Kuna kazi ya kuchora, na kuna ruhusa ya kuutumia mchoro. Ramani ya ufukwe leo iko kwenye menyu, kesho iko kwenye fulana pale mapokezi, keshokutwa iko kwenye mifuko, tovuti, na hoteli nyengine ya tajiri huyo huyo kule kaskazini, na weye umelipwa menyu tu. Ukishaandika "mali ya hoteli" hayo yote ni halali yao na huna pa kusemea. Usipoandika, haki ni yako. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na chini ya mkataba ule haki ya mchoro inakuwepo pale pale unapochorwa, huhitaji kwenda kuusajili popote. Na sie Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake COSOZA, sio COSOTA ya bara, watu wanachanganya sana hapo. Ukitaka kuweka kumbukumbu ya kazi zako nenda COSOZA wakuelekeze, na huku nyumbani usitupe michoro ya penseli ya mwanzo, iandike tarehe uiweke. Mchoro wa mwisho mtu anaweza kuuskani, lakini zile karatasi za kutafuta tafuta mkono anazo aliyechora peke yake.

Bei sasa. Mie siendi kwa ukubwa wa karatasi, nakwenda kwa siku. Chukua nyumba yako inahitaji kiasi gani kwa mwezi, kodi, chakula, ada ya skuli, umeme, bando, uweke na akiba ya ule mwezi usio na kazi. Kisha hesabu siku unazochora kweli. Hazifiki 26 hizo, maana kuna siku ya kwenda mjini kuonana na mteja, siku ya kufuata karatasi, siku ya kukimbizana na mtu hajalipa. Tuseme nyumba inataka 600,000 na siku za kuchora kweli ni 12, basi siku yako ni 50,000 hata kabla hujanunua wino. Ramani ikikuchukua siku sita ni 300,000 ya mkono wako, juu yake vifaa, juu yake ruhusa ya matumizi. Mteja akilia unampunguzia matumizi, humpunguzii siku. Unamwambia kwa bei hio utatumia kwenye menyu mwaka mmoja, fulana hapana. Hapo mnaelewana bila ya kuvunjiana heshima.

Na arbuni. Nusu kabla ya penseli kugusa karatasi, mie sina mjadala kwenye hilo hata na jamaa zangu. Mchoro wa penseli nawaonyesha, marekebisho mara mbili, tukishakubaliana natia wino, na faili kubwa la kuchapia natuma hela ikishaingia. Kabla ya hapo wanaona picha ndogo ya simu yenye jina langu katikati, inatosha kuangalia lakini haichapiki.

Hio wikiendi ya kulala usiihesabu kama malipo. Chumba mwezi wa nne kiko kitupu tu hakiwagharimu kitu, na weye huwezi kukipeleka skuli kulipia ada. Wakitaka kukupa iwe zawadi juu ya bei.

---

KijanaWaPaje

Mie natofautiana na kaka WinoWaShangani kidogo, sio kwenye haki, kwenye hilo la kutangazwa.

Nachora kuta. Hoteli, mabaa ya ufukweni, vituo vya kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini kwa tiara, huku Paje na Jambiani. Ukuta wangu wa kwanza mkubwa nilipewa rangi, chakula na pa kulala, hela ndogo sana, na ule ukuta umeniletea kazi mpaka leo kwa sababu jina langu na namba ziko chini kulia na kila mgeni anapiga picha pale anaiweka Instagram. Wenye hoteli za jirani waliniona nikiwa juu ya ngazi wakaja kuniuliza bei. Kwa hio kutangazwa kupo na kunalipa, lakini kuna masharti yake. Lazima jina lionekane na mtu aweze kukupata bila kumuuliza mwenye hoteli. Menyu haina hayo, mgeni anaangalia bei ya pweza anaifunga.

Dada waambie kama wanataka kukutangaza, basi jina lako na akaunti yako viandikwe kwenye ramani yenyewe, na wakuwekee rafu ndogo mapokezi uuze kadi zako, hela yako yote. Wakikubali hilo ndo wamekutangaza kweli. Wakikataa utajua lile lilikuwa neno tu.

Ila ule mstari wa "mali ya hoteli" hata mie ningeukata, hapo hatuna tofauti.

---

BiUkili_Wete

Mwanangu salama? Mie niko Pemba, Wete, tunasuka kina mama pamoja, makawa, mikoba, mikeka, na mzigo wetu mwingi unakwenda Unguja madukani. Haya ya mali kauli tumeyala na kuyalalia, ngoja nikupe tunavyofanya.

Mali kauli haina ubaya wenyewe. Duka jipya halikujui, halijui kadi zako zitatoka au zitakaa, wanaogopa kufunga hela. Lakini angalia nani anabeba mzigo. Ukiuza taslimu, mwenye duka kaweka hela yake, akitaka nusu anastahiki maana hasara ni yake zikikaa. Ukimpa mali kauli, hela iliyolala pale ni yako, karatasi yako, siku zako, na zikipauka kwa jua la dirishani ni zako pia. Sasa nusu ya nini tena? Sie kwa taslimu tunakubali nusu, kwa mali kauli tunataka tubaki na 65 au 70 katika kila 100. Kadi ya 10,000 upate 6,500 kwenda juu.

Usiwachukie lakini. Kodi ya duka mjini ni kubwa, na papasi, yule anayewazungusha wageni, akileta mgeni naye ana chake, mara nyengine hata mgeni kaja na miguu yake mwenyewe papasi anatokea kudai. Ndo maana wanavuta nusu. Ukiijua hesabu ya mwenzio mnazungumza vizuri.

Tukipeleka mzigo tunaandika kwenye daftari la risiti lenye karatasi mbili, aina, idadi, bei, wanatia saini, moja yao moja yetu. Mzigo mdogo kwanza. Kila mwisho wa mwezi mtu wetu aliyeko Unguja anakwenda kuhesabu kilichobaki, kisichokuwepo kimeuzwa, kimeibwa au kimeliwa na panya wanalipa, maana kilikuwa mikononi mwao. Hilo lisemwe siku ya kupeleka, ukilisema siku ya hesabu panakuwa na ugomvi. Na usiwaachie mzigo mpya mpaka wa zamani umelipwa. Kuna duka lilikuwa linatuambia kila mwezi leteni tu tutamaliza pamoja, na rafu zetu hazina kitu. Tulikwenda wanawake watatu tukakaa pale dukani kwa adabu, hatukupiga kelele, tukasubiri mpaka tukalipwa, na hatukurudi tena.

Ukili wako sasa, maana nina hamu ya kujua unauwekaje. Usiutie ndani ya mfuko wa plastiki ukafunga, unatoa jasho na kuvu linaingia ndani ya msuko hata ukifuta halitoki. Kabla hujaugundisha kwenye jalada uanike juani asubuhi, uuache upoe kivulini, ndo upake gundi, na gundi iwe kidogo upande wa jalada, usipake upande wa ukili. Ukiugundisha una unyevu, ukikauka unajivuta na jalada linapinda. Na ule wa rangi usiuweke dirishani, nyekundu ndo inayokimbia mwanzo.

---

MzeeWaLeso

Binti yangu, mie nimekaa kwenye biashara ya nguo Darajani maisha yangu yote, sichori lakini michoro imenilisha. Nataka kusema juu ya jina, maana umelisema kwa uchungu na una haki.

Chukua kanga yoyote iliyomo kabatini mwa mamaako. Kuna pindo pembe zote, kuna mji katikati, kuna jina chini, yale maneno. Watu wanakumbuka maneno. Wanakumbuka na mfanyabiashara, maana zile za Kaderdina wa Mombasa zimeandikwa Mali ya Abdulla mpaka leo na kila mtu anaijua ile alama. Nitajie sasa mtu mmoja aliyelichora lile pindo. Mkono wa mtu ulikaa ukachora korosho, ukachora jogoo, ukapima pembe zikutane, na kanga zimezunguka pwani yote hii zaidi ya miaka 100, hakuna anayemjua. Walilipwa wakaenda. Hili linanisikitisha na nimeliona toka ndani ya duka.

Halafu tazama upande wa pili. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka zile picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 60, rangi za mafuta juu ya vibao, akafa 1972, muda mfupi tu kazini, na leo maduka mengi ya picha Mji Mkongwe wanauza kwa jina lake. Wanaochora sasa ni wengine, wengi wao huwajui, lakini jina lake limesimama.

Kwa hio sikiliza. Usiandike jina nyuma ya kadi. Nyuma watabandika stika, hata mie ningebandika. Lichonge ndani ya mchoro wenyewe, chini ya tawi alilokalia huyo kima, herufi ndogo, na ukumbuke kwenye lino unachonga kinyume ndo lisomeke. Haliwezi kufunikwa bila kuifunika picha. Mwenye duka mwambie stika yako bandika nyuma, hatugombani, mbele ni mimi.

---

SkriniMichenzani

Mie nijibu la masika maana wenzangu wamelipita.

Nachapa fulana na mabango kwa skrini, karatasi pia kidogo. Unyevu wa visiwani huushindi, unapanga kazi kuuzunguka. Masika chonga, kiangazi chapa. Lino haijali mvua, na joto likiwepo inalainika kisu kinapita vizuri zaidi. Kwa hio mwezi wa nne kaa uchonge michoro ya mwaka mzima, ushone madaftari, umalize vitabu vya watoto, hizo ndo kazi za ndani. Kuchapa kufanye sasa hivi kaskazi bado linavuma na hewa ni kavu, na tena kuanzia mwezi wa sita mvua zikishakwisha. Duka wanataka mzigo kabla ya mwezi wa sita, basi uchape huu mwezi, sio mwezi wa tano.

Kama huna budi uchape wakati wa mvua, wino wa mafuta haukauki kwa maji kutoka, unakauka kwa hewa kuingia, kwa hio ukizirundika kadi hata wiki haitoshi. Tandika wino mwembamba, ning'iniza kamba kwa vibanio zisigusane, feni ipige pembeni isipige moja kwa moja maana itabeba vumbi. Karatasi usiiache mezani usiku. Mie nina makontena ya plastiki yale yenye mfuniko wa kubana, chini nimeweka mkaa mkavu ndani ya kitambaa, juu ubao, juu karatasi zimelala. Mkaa unauanika tena jua likitoka. Karatasi iliyokwisha kujikunja usiichapie rangi mbili kabisa, ya kwanza itakaa na ya pili itapishana na utadhani mkono wako ndo mbovu.

Na manila za steshenari ni nyepesi na zinaota madoa ya njano. Tafuta karatasi ya pamba ya gramu 200 hivi, mie nafuata Kariakoo nikienda Dar, naizungushia plastiki mara mbili maana kwenye boti ikipata chumvi ndo basi.

---

BintiMwanakwerekwe

Jamani nimesoma yote, nimemsomea na mume wangu, Mwenyezi Mungu awalipe. Mzee, hilo la kuchonga jina chini ya tawi nishalifanya, nafasi ilikuwepo, kidogo kisu kiliniganda kwenye herufi zenye duara lakini linasomeka vizuri.

Duka nimekwenda leo. Nimewaambia nusu kwa taslimu, au mali kauli nibaki na 65. Yule dada wa pale akampigia tajiri, wakachukua kadi kwa taslimu mzigo mdogo, na madaftari mali kauli kwa 65 maana wanasema madaftari hawajui yatatoka vipi. Nimewaandikia karatasi mbili kama alivyosema Bi, wakatia saini. Stika yao wanabandika nyuma, na la jina mbele hawakusema neno.

Hoteli sijawajibu. Nimeandika hivi, naomba mnikosoe kabla sijatuma:

"Nitawachorea ramani ya kijiji na ufukwe pamoja na michoro ya menyu kwa bei tuliyotaja. Bei hii ni ya kutumia kwenye menyu na kuta za ndani ya hoteli, miaka miwili. Fulana, mifuko, tovuti na matangazo yana bei yake, tutakubaliana kwanza. Michoro ya asili na haki zake zinabaki kwangu. Jina langu na akaunti yangu vitaonekana kwenye kona ya ramani. Naomba arbuni ya nusu kabla ya kuanza. Marekebisho ni mara mbili kwenye penseli, baada ya wino yatalipiwa. Kama mtapenda tuweke rafu ya kadi zangu mapokezi nitafurahi. Chumba mkinipa nitashukuru lakini hakitaingia kwenye hesabu ya bei."

---

WinoWaShangani

Nzuri sana hii dada, ina heshima na imenyooka. Ongeza mambo machache. Taja idadi, michoro ya menyu mingapi na saizi gani, maana "michoro ya menyu" mtu anaweza kukuletea kila samaki. Weka tarehe ya nusu ya pili, mie naandika siku saba baada ya kupokea, na faili kubwa linafuata malipo. Andika kazi ikivunjika katikati kwa upande wao arbuni hairudi. Na usikubali jibu la WhatsApp la "ok dada", taka saini ya mtu mwenye cheo na muhuri wa hoteli, kwa sababu mameneja huku wanabadilika na msimu, anayekuja anasema hajui mlichokubaliana.

Ule mstari wa miaka miwili uwache kama ulivyo. Wengi wanaandika milele bila kufikiria. Miaka miwili ikiisha wakiipenda bado watakuja kulipa tena na weye ndo mwenye nayo.

---

KijanaWaPaje

Na wakikubali ramani, nenda ukatembee kijiji chenyewe usichore kutoka simu. Waulize wavuvi majina ya miamba na milango ya bahari, na kina mama wa mwani mashamba yao yako wapi maji yakikupwa. Ramani za watalii huku zimejaa mabaa na hazina hata kisima. Ukiziweka hizo, watu wa kijiji nao watailinda hio ramani yako.

---

BintiMwanakwerekwe

Nimeweka yote, idadi, saizi, tarehe, saini na muhuri. Natuma leo baada ya adhuhuri. Kijana wa Paje ahsante sana kwa hilo la majina ya miamba, nilikuwa naliwaza na sikujua nianzie kwa nani.

Bi wa Wete, naomba nikuulize hapa hapa. Kwa madaftari ya duka nataka ukili mwembamba, wa ukindu, usiotiwa rangi, uje kabla mvua hazijaanza nipate kuuanika. Upo?

---

BiUkili_Wete

Upo mwanangu, wa ukindu mweupe tumemaliza kusuka juzi. Niambie pima ngapi na upana wake unaotaka, nitakutengea, na nusu unitumie sasa, unajua mwenyewe utaratibu. Nitautia kwenye pakacha usije ukaminywa melini.